Kwa nini mtu wa kifungo cha nje humwambia msaidizi yale asiyomwambia afisa probesheni?

#1 FailiLaKijani (mleta uzi)

Wakuu, salamu.

Mimi ni msaidizi wa maafisa probesheni, wale wanaosimamia watu waliopewa adhabu ya kutumikia nje ya gereza. Kazi yenyewe wengi mnaijua: kupanga mafaili, kupokea wanaokuja kuripoti, kupigia simu ndugu na waajiri, kufuatana na afisa kwenye ziara za nyumbani, kuzungukia vituo ambako watu wanafanya huduma kwa jamii, na kuhakikisha faili limekamilika kabla afisa hajasimama mbele ya hakimu.

Hoja yangu ni hii. Mtu akiwa mbele ya afisa, majibu yake yamenyooka: kazi anayo, anaishi kwa mjomba, pombe ameacha. Akitoka mle ndani na kukaa kwenye benchi la koridoni kusubiri nimwandikie tarehe ya kurudi, anaanza kumwaga: kazi ilishakwisha, mjomba alishamtimua, sasa anajibanza kwa rafiki ambaye naye ana kesi. Na afisa alimuuliza hayo hayo muda si mrefu, tena kwa upole kabisa. Aliambulia "niko sawa, bosi."

Nimeyaona haya kwa maafisa wakali na wapole, wa kike na wa kiume, kwa hiyo msikimbilie kusema ni ukali. Nauliza mawili tu. Kwa nini anaambiwa msaidizi? Na ukishaambiwa, unalipeleka wapi?

#2 MzeeWaKizimba

Mbona jibu liko wazi? Afisa ana kalamu. Yeye ndiye anayeandika ripoti ya uchunguzi wa kijamii kabla ya hukumu, na yeye ndiye anayeirudisha kesi mahakamani masharti yakivunjwa. Wewe una daftari la tarehe. Nani atajikaanga mbele ya mwenye kalamu?

#3 Nyuki_Mkali

Nimekaa siti ya mbele. Maafisa wakija humu patachimbika.

#4 SautiYaKoridoni

Mzee #2, maelezo yako yanafika nusu ya njia. Mimi niko Uingereza, nafanya kazi ambayo hapa wanaiita PSO kwa kifupi (Probation Services Officer). Hatuna ile sifa kamili ya kitaaluma ya afisa probesheni, lakini tunabeba kesi zetu wenyewe, zile zenye hatari ndogo na za wastani, na mtu akikosa kuripoti bila sababu mimi ndiye ninayeanzisha mchakato wa kumrudisha mahakamani. Kalamu ninayo, tena kali. Bado wananiambia.

Ila kuna jambo moja linanichekesha: anayejua kunizidi ni dada wa mapokezi. Yeye anajua nani kaachana na nani, nani kalala nje, nani alikuja akiwa amelewa akageuza mlangoni. Kwa hiyo nahisi si suala la kalamu. Watu wanazungumza na yule aliye ngazi moja chini ya mtu wanayemwogopa, popote ngazi hiyo ilipo.

#5 MzeeWaKizimba

Na dada wa mapokezi ana kalamu? Hana. Umenijibia mwenyewe.

#6 Mti_Mkavu

Mimi ni afisa, na nitasema lisilopendeza. Mleta uzi, unadhani afisa hajui kuhusu mjomba? Nilishampigia mjomba kabla huyo mtu hajaingia. Mara nyingi nauliza jambo ambalo jibu lake ninalo mezani, nataka tu kuona mtu anajibuje. Akidanganya simkatizi. Namwacha aende na uongo wake, wiki inayofuata nauliza kwa njia nyingine.

Pili, mnaongea kana kwamba afisa ndiye anayefunga watu. Afisa anapendekeza, hakimu anaamua. Nimepeleka mapendekezo ya kifungo cha nje yakakataliwa, na nimeandika ripoti mbaya mtu akapewa nafasi nyingine.

Tatu, muda. Ukiwa na mafaili yaliyojaa kabati, kila mtu anapata robo saa. Mtu hawezi kufunguka kwa robo saa, hata kwa mama yake. Msaidizi anakaa naye koridoni nusu siku.

#7 FailiLaKijani (mleta uzi)

Mkuu Mti_Mkavu, hilo la muda nalikubali. Hilo la "nilishajua" nina shaka nalo. Kama ulishajua, mbona halimo kwenye faili? Mimi ndiye ninayelifungua.

#8 Nyuki_Mkali

Nilisema patachimbika 😂

#9 Mti_Mkavu

Halimo kwa sababu likiingia kwenye faili limeshakuwa taarifa rasmi, na afisa mwingine akilichukua faili hilo kesho anaweza kulipeleka mahakamani bila kumjua mtu. Kukosa makazi si kosa. Likiandikwa vibaya linasomeka kama kosa: "amehama bila kutoa taarifa." Napima kwanza. Ndiyo kazi yenyewe.

#10 Nilitumikia

Naomba niongee kama mtu aliyekaa upande wa pili. Nilifanya huduma kwa jamii, miaka imepita, nimeshamaliza.

Ofisini kwa afisa maswali yanatoka kwenye fomu, na fomu iko mezani. Baada ya muda unaisoma kichwa chini miguu juu. Unaona ameshafika kwenye mstari wa makazi, unajua kinachofuata ni ajira, unajua jibu gani litamfanya aandike neno moja na jibu gani litamfanya aandike aya nzima. Kila mtu mle ndani anatamani neno moja. Afisa naye anatamani neno moja, kuna watu nje.

Msaidizi anakuuliza, "Leo umekuja kwa miguu?" Hilo halipo kwenye fomu. Ukisema ndiyo, ataona viatu, utaeleza kwa nini nauli huna, na kazi ishajulikana imekwisha.

Lakini msijisifu sana, wasaidizi. Mara nyingine nilimwambia msaidizi jambo kwa makusudi, nikijua litamfikia afisa bila mimi kuwa ndiye niliyesema. Nikiulizwa baadaye nashangaa: "Nani kakwambia?" Msaidizi alikuwa njia. Sikumwamini kuliko afisa. Nilimtumia tu.

#11 SautiYaKoridoni

#10 umenimaliza. Nimekumbuka kesi kadhaa hapa na zote nimezigeuza upya kichwani.

#12 MzeeWaKizimba

Yaani alitumia njia ya pembeni kwa sababu njia kuu ina... kalamu. Naendelea kusubiri mtu anipinge.

#13 BintiSheria

Wote mmekimbilia swali la kwanza, la pili mmeliacha, na ndilo lenye hatari.

Msaidizi ni sehemu ya ofisi. Unachoambiwa koridoni hakina hadhi ya siri ya padri. Ukijua mtu aliyeamriwa kukaa mbali na mlalamikaji anaenda kwake usiku, ukanyamaza, halafu mlalamikaji akadhurika, hutasema "niliambiwa kirafiki." Kwa upande mwingine, kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu adhabu zisizo za kifungo, zile za Tokyo za 1990, zinataka kumbukumbu za mkosaji ziwe siri kabisa na zisifikiwe na watu wengine nje ya wale wanaoshughulikia kesi yake au walioruhusiwa. Maana yake taarifa inapanda kwa afisa. Haiendi kwa mwenzako wa meza ya pili, wala kwa mjomba, wala kwenye kundi la simu.

Ushauri wangu: mwambie mtu mapema, siku ya kwanza, kwamba utakayosikia yanaweza kufika kwa afisa. Wengine watapunguza maneno. Sawa tu, wamechagua wakiwa wanajua.

Na tusichanganye mambo. Kuna amri ya probesheni na kuna amri ya huduma kwa jamii. Kenya huduma kwa jamii ina sheria yake ya 1998, Tanzania ya 2002, na zote zinahusu makosa ambayo kifungo chake hakizidi miaka mitatu, au ambayo mahakama inaona miaka mitatu au chini yake inatosha. Huko mtu anafanya kazi ya umma bila malipo. Probesheni ni kuwa chini ya uangalizi kwa masharti. Kenya amri yake ni kati ya miezi sita na miaka mitatu.

#14 Kasa_wa_Pwani

Historia kidogo: probesheni iliasisiwa na hakimu wa Marekani, John Augustus, aliyechoka kufunga walevi. Kwa hiyo tangu mwanzo ni kazi ya mwenye mamlaka.

#15 Mhunzi

#14 rekebisha. Augustus hakuwa hakimu. Alikuwa fundi viatu wa Boston. Mwaka 1841 alikuwa mahakamani, akaona mlevi anakaribia kupelekwa kifungoni, akaomba kumdhamini. Baada ya wiki kama tatu wakarudi, mtu hatambuliki kwa unadhifu aliokuwa nao, hakimu akampiga faini ya senti moja pamoja na gharama za kesi. Hadi anafariki 1859 alikuwa ameshawadhamini watu karibu 2,000. Sheria ya kwanza ya probesheni ilikuja Massachusetts 1878, yeye alishazikwa.

Uingereza vivyo hivyo. Walianza wamisionari wa mahakama za polisi, London, 1876, watu wa chama cha kanisa cha kupinga ulevi. Serikali ikaja kuwapa maafisa nafasi ya kisheria 1907, na sheria ile ikawapa kazi ya kumshauri mkosaji, kumsaidia na kuwa rafiki yake.

Kwa hiyo mambo yalikwenda kinyume na ulivyosema. Kazi ilianzishwa na watu wasio na mamlaka yoyote, mamlaka yakaongezwa juu yake. Msaidizi wa leo amekaa kwenye kile kiti cha zamani. Labda ndiyo sababu watu wanamsimulia.

#16 Kasa_wa_Pwani

Nimepokea, asante. Fundi viatu, ndiyo.

#17 Mti_Mkavu

Mhunzi, historia tamu, lakini Augustus alikuwa anachagua watu. Alichunguza tabia, umri na marafiki wa mtu kabla ya kumdhamini. Aliowaona hawana dalili za kubadilika aliwaacha. Sisi tunapokea tunaoletewa na mahakama.

#18 Darubini

Mti_Mkavu kanipa mlango wa kuingilia. Hamjafikiria kwamba wasaidizi wanapewa watu wepesi?

Tazameni SautiYaKoridoni alivyosema: yeye anabeba hatari ndogo na za wastani. Sehemu nyingi mgawanyo ni huo, mzito kwa afisa, mwepesi kwa msaidizi. Mtu aliyekamatwa kwa kosa dogo la mara ya kwanza ana haya, ana familia, anaongea. Mtu aliyezunguka mahakamani tangu utotoni ameshajifunza kunyamaza mbele ya yeyote mwenye kitambulisho shingoni. Halafu tunakaa hapa tunasema "watu wanamwamini msaidizi," kumbe ni watu wa aina mbili tofauti.

Na mgawanyo huo una sababu. Watafiti Wakanada, Andrews na Bonta, walijenga hoja kwamba nguvu ya uangalizi ifuate kiwango cha hatari ya mtu kurudia kosa, na utafiti wa mkondo huo umeonyesha kwamba kumbana sana mtu wa hatari ndogo kunaweza kumharibu: anakosa kazi kwa sababu ya kuripoti kila mara, anakaa benchi moja na wazoefu, anapata marafiki wapya. Benchi lile la koridoni mnalolisifia lina upande huo pia.

#19 FailiLaKijani (mleta uzi)

Darubini, hoja nzuri, ila kwetu hakuna mgawanyo huo. Wote wanapita kwa afisa, wote wanapita kwangu. Mtu ni yule yule, siku ile ile.

Hilo la benchi ni kweli kabisa. Nimeshawahi kusikia wawili wanapanga mambo pale nikajifanya natafuta faili.

#20 Nyuki_Mkali

Na ukapeleka wapi? Swali la pili hilo mkuu, unaulizwa na uzi wako mwenyewe.

#21 FailiLaKijani (mleta uzi)

Nilimwambia afisa, wakapangiwa siku tofauti za kuripoti. Basi.

#22 Tumaini_J

Samahani kutoka nje kidogo. Hizi nafasi za usaidizi zinahitaji elimu gani? Nina stashahada ya ustawi wa jamii.

#23 SautiYaKoridoni

Inategemea nchi. Marekani kwenye mfumo wa shirikisho kuna wasaidizi wa maafisa wanaoajiriwa na mahakama. Uingereza PSO wengi wanaingia bila shahada, na baadaye wanaweza kusomea uafisa wakiwa kazini. Ustawi wa jamii unakufaa popote. Kitakachokusumbua zaidi ni uandishi: andika ulichoona na ulichosikia, usiandike ulichohisi. "Alikuwa na harufu ya pombe saa tatu asubuhi" ni sawa. "Ni mlevi" si sawa.

#24 Mama_Ziara

Mimi ni msaidizi wa zamani, nimestaafu. Nimewasoma wote, naona mmekazana na ofisi. Tokeni nje.

Ziara ya nyumbani. Afisa na mimi tumesimama mlangoni, mama wa kijana anasema kijana yuko kazini tangu alfajiri. Viatu vyake vya kazi viko pale pale kizingitini, vimekauka matope. Afisa anaongea na mama, mimi naangalia viatu, mama naye ananiangalia ninavyoviangalia. Wakati wa kuondoka akanishika mkono akanirudisha nyuma kidogo: "Mwanangu, amelala, kazi walimwondoa, usimwambie huyo." Huyo ni afisa, yuko hatua chache mbele yangu, ana masikio.

Nilimjibu, "Mama, nitamwambia, lakini nitamwambia na jinsi ulivyonieleza." Na nilimwambia. Afisa akasema ameona viatu.

Sasa niambieni nani hapo hakujua. Kila mtu alijua. Mama alihitaji tu mtu wa kumwambia bila kusimama wima kama shahidi. Hilo ndilo jibu langu kwa swali la kwanza. Kalamu na ngazi sizioni sana. Naona kusimama na kukaa, mbele na pembeni.

#25 BintiSheria

Mama #24, heshima yako. Jibu ulilompa mlangoni ndilo ninalolitetea kwenye #13, ila umelisema vizuri kunishinda.

#26 MzeeWaKizimba

Shikamoo mama. Lakini "shahidi" umelitaja mwenyewe. Ushahidi unaandikwa na nani?

#27 Mama_Ziara

Marahaba mwanangu. Unaandikwa na msaidizi, afisa anasaini. Hujawahi kufanya kazi hii wewe.

#28 Nyuki_Mkali

Mzee kapigwa KO 😂😂

#29 Mhunzi

Kuhusu hilo la mbele na pembeni, tazameni Japan. Uangalizi mwingi unabebwa na watu wa kujitolea wanaoitwa hogoshi. Wana sheria yao ya 1950, wanateuliwa na waziri wa sheria kwa kipindi maalumu, hawana mshahara, wanarudishiwa gharama tu. Ni zaidi ya 40,000, wakati maafisa wa kitaaluma ni wachache mno ukilinganisha. Hogoshi anakutana na mtu wake mara kwa mara, kwa desturi nyumbani kwake mwenyewe hogoshi, na kila mwezi anapeleka ripoti kwa afisa. Kwa hiyo huyo "msaidizi" anaandika, na bado anaaminiwa. Hoja ya kalamu inayumba hapo.

Ufilipino nao waliweka wasaidizi wa kujitolea ndani ya sheria yao ya probesheni ya 1976, wakawaimarisha kwa marekebisho ya 2015. Kenya pia ina maafisa probesheni wa kujitolea.

#30 Darubini

Kumkaribisha nyumbani kwako? Mhunzi, malizia na upande wa pili. Mei 2024, mjini Otsu, hogoshi mmoja alikutwa ameuawa nyumbani kwake, na aliyekamatwa ni mtu aliyekuwa chini ya uangalizi wake. Nchi nzima ikaanza kuuliza kama watu hao waendelee kukutana majumbani. Huu ukaribu mnaousifu una gharama, na anayeibeba ni msaidizi.

#31 Mhunzi

Kweli, sikulitaja. Na zile kanuni za Tokyo alizozileta BintiSheria zinasema wa kujitolea wachujwe vizuri, wakatiwe bima ya ajali na majeraha, na warudishiwe gharama. Ni wangapi humu wana bima hiyo? Naona kimya.

#32 FailiLaKijani (mleta uzi)

Kimya chako nakijibu: sina.

#33 Kikombe_Safi

Nyinyi mna benchi. Mimi kwenye kituo nilichofanya kazi ughaibuni nilikuwa nasimamia vipimo vya mkojo. Msaidizi wa jinsia sawa anaingia na mtu, anashuhudia, kikombe kina kipimajoto cha ukanda ubavuni, lazima usome ndani ya dakika nne na kiwe kati ya nyuzi 32 na 38 hivi. Kikiwa chini ya hapo, huenda mkojo umeletwa na chupa kutoka nyumbani. Unafunga, unabandika lakiri, mnasaini wote wawili.

Hapo ndipo niliposikia ukweli mwingi kupita popote. Mtu akishajua kipimo kitasema, anatangulia kusema yeye. "Nilivuta Jumamosi." Anakuambia wewe kwa sababu wewe ndiye uliyeshika kikombe. Si urafiki, ni hesabu: akikiri kabla, ripoti itaandika amekiri. Kwa hiyo naongeza sababu nyingine kwenye rundo lenu, msaidizi ndiye anayekuwepo dakika ya mwisho kabla uongo haujafikia mwisho wake.

#34 Nilitumikia

#33 sahihi kabisa. Watu wanakiri pale kukiri kunapolipa.

#35 Mti_Mkavu

Tukiwa kwenye kushuhudia, naomba niseme kuhusu daftari la mahudhurio ya huduma kwa jamii. Mleta uzi, hili ni lako. Msimamizi wa kituo anatakiwa kusaini kila siku mtu anapofanya kazi. Msaidizi akiniletea daftari, jambo la kwanza ninaloangalia ni wino. Wiki nzima, wino mmoja, mwinamo mmoja wa mkono, sahihi zimekaa moja chini ya nyingine kama zimepigwa rula, na siku ya mvua kubwa, ambayo hata msimamizi hakufika, nayo imesainiwa. Hiyo imesainiwa kwa mkupuo Ijumaa.

Sasa huyo mtu alikwambia koridoni kwamba kazi haendi? Au alikwambia kuhusu mjomba tu? Kwa uzoefu wangu watu wanafunguka kuhusu shida zao. Kuhusu daftari hawafunguki. Huo "ukweli" mnaoupata una mipaka.

#36 FailiLaKijani (mleta uzi)

Hapo umenishika. Kuhusu mahudhurio sijawahi kuambiwa na mhusika. Huwa naambiwa na mwenzake aliyefagia peke yake.

#37 Nilitumikia

Na mwenzake naye anasema kwa hasira, si kwa ukweli. Mpime vizuri.

#38 Tumaini_J

Asanteni kwa #23. Swali lingine, hizi bangili za kielektroniki za mguuni hazitaondoa kazi za wasaidizi? Mashine itajua mtu yuko wapi.

#39 Kikombe_Safi

😂 Zimeongeza. Hakimu Jack Love wa Albuquerque ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kumfunga mtu kifaa hicho kwa amri ya mahakama, mwaka 1983, na wanasema wazo lilimjia kwenye katuni za Spider-Man. Tangu hapo anayepokea simu kengele ikilia usiku ni nani? Msaidizi. Na mara nyingi sababu ni betri. Unampigia mtu saa nane usiku, "chomeka bangili yako," anakujibu umeme umekatika.

#40 Nyuki_Mkali

Spider-Man kaingia kwenye uzi wa probesheni. Mods fungeni.

#41 SautiYaKoridoni

Bangili inasema mtu yuko wapi, haisemi kwa nini yuko hapo. Nilikuwa na mtu aliyevuka mpaka wa saa zake karibu kila wiki, kifaa kikalia kila mara. Ilibidi msaidizi amuulize ndipo ikajulikana anamchukua mtoto kwa mama yake, na basi la kurudi linachelewa. Afisa akaomba saa zibadilishwe, kengele zikaisha.

#42 Mti_Mkavu

Aliyeomba saa zibadilishwe ni afisa. Nakazia tu.

#43 SautiYaKoridoni

Aliyeuliza ni msaidizi. Nakazia pia.

#44 MzeeWaKizimba

Nimerudi. Mama #27 kanisema sijafanya kazi hii, kweli, mimi ni karani wa mahakama. Lakini nimesikia maafisa wakisoma ripoti kizimbani miaka mingi, na sijawahi kusikia jina la msaidizi likitajwa hata mara moja. "Afisa alitembelea, afisa alibaini." Mtu wa kizimbani anasikia hayo. Anajua alichomwambia msaidizi kimesomwa kwa jina la afisa, na msaidizi hayupo mahakamani kuulizwa. Kwa hiyo msaidizi kwake ni mtu asiyewajibika kwa maneno, na mtu wa namna hiyo ni rahisi kumwambia. Ndiyo hoja yangu ya kalamu, nimeirekebisha. Ikiwa bado haijakaa, nipigeni tena.

#45 BintiSheria

Umesogea. Ila wakili wa utetezi akiwa macho ataomba aliyeona ndiye aitwe, na msaidizi atapanda kizimbani kama shahidi mwingine yeyote. Mleta uzi, ziara zako uwe unaandika tarehe, saa na sahihi yako mwenyewe.

#46 FailiLaKijani (mleta uzi)

Nafanya hivyo kwenye daftari la ziara. Kwenye ripoti ya mwisho hayaonekani. Mti_Mkavu, wewe huwa unaacha jina la msaidizi?

#47 Mti_Mkavu

Fomu haina nafasi hiyo.

#48 Mama_Ziara

Kuna nafasi ya maelezo mengine chini kabisa, mwanangu. Mimi afisa wangu alikuwa anaandika hapo.

#49 Darubini

Narudi kwenye hoja yangu ya #18, mleta uzi amesema kwao wote wanapita kwa wote wawili. Basi fanya jaribio: badilishaneni. Mtu aanze benchi kwako kabla hajaingia kwa afisa, tuone kama bado atakwambia. Kama maneno yanakuja kwa sababu ameshapumua baada ya mtihani, hutapata kitu.

#50 FailiLaKijani (mleta uzi)

Hilo sijalifikiria. Jumatatu ni siku ya kuripoti, nitamwomba afisa nianze nao. Akikubali nitaleta mrejesho.

#51 Nyuki_Mkali

Akikataa lete pia. Hapo ndipo utamu ulipo.